Nzuri, Ila...

Krismasi ya mwaka 2017 iliangukia Jumatatu. Mnamo saa tano asubuhi, watu wametoka misa ya pili, tulikuwa tumejazana barazani kwa wazazi wangu Kibosho, moshi wa nyama ukipanda nyuma ya migomba, simu ya Mama ikaita. Ilikuwa simu ya picha. Mama hakuipokea hapo hapo. Alichukua kwanza magongo mawili yaliyoegemezwa ukutani, akamkabidhi shangazi ayaingize ndani. Akamwendea Baba kitini, akamnyoosha kola. Akasimama karibu naye sana, karibu kuliko mtu anavyosimama akitaka kupiga picha, ndipo akabonyeza.

Mdogo wangu ni askari wa Jeshi la Wananchi. Siku hiyo alikuwa Kongo, upande wa Beni. Kwenye kioo alimwona baba yake kuanzia kifuani kwenda juu: shati jeupe, kofia ya sufu, tabasamu.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?”

“Sijambo. Habari za nyumbani?”

“Nzuri. Nzuri sana.”

Mguu wa kulia wa Baba ulikuwa umekatwa chini ya goti wiki tano kabla ya siku hiyo. Sukari.

Na aliyekuwa upande wa pili wa kioo alikuwa na lake. Siku 18 nyuma, jioni ya Alhamisi tarehe 7 Desemba, kambi ya walinda amani kwenye mto Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi usiku. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Mdogo wangu hakuwa kambi ile, alikuwa nyingine, lakini walikuwapo pale watu aliosoma nao kozi moja na kugawana nao sabuni. Mama alipomuuliza, “Na huko je, baba?” alirudisha neno lile lile. Nzuri. Tumechinja, tunakula.

Mazungumzo yalichukua dakika sita. Tulipokata, Mama aliingia jikoni na hakutoka mpaka chakula kilipopakuliwa.

Kiswahili kina adabu ambayo wageni huichekea. Ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama umetoka kuzika. Kisha unavuta pumzi, unasema “ila”, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Nzuri, ila mtoto hakulala. Nzuri, ila ng’ombe amekufa. Chuoni nilikaa dawati moja na kijana wa Kijerumani aliyekuwa akijifunza lugha yetu, akaandika daftarini mwake kwamba Waswahili hawasemi kweli. Hakuwa na subira tu. Angengoja neno moja zaidi angepewa msiba wote, na jina la mganga.

Ubwabwa mtu aliye mbali atapikiwa hata kambini. Nyama ataipata, na padre wa kikosi akikosekana atakuwapo mwenzake mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Anachonyimwa siku ya Krismasi, tena kwa mapenzi makubwa, ni ile “ila”. Anauliza habari za kwao, anajibiwa nzuri, anasubiri. Haiji. Nimeishi na jambo hili miaka kadhaa na nimefika mahali pa kusema kwamba tunakosea.

Lazima nieleze Desemba yetu, kwa sababu bila kuijua mtu hawezi kuelewa nini hukosekana. Watani zetu husema sisi Wachaga hupanda mlimani Kilimanjaro mwisho wa mwaka kwenda kuhesabiwa. Ni mzaha wenye ukweli ndani yake. Kuanzia tarehe 18 hivi mabasi ya Moshi hujaa, nauli hupanda mamlaka zikipiga kelele, na barabara kutoka Chalinze mpaka Same hugeuka msururu wa magari madogo yenye magunia ya mchele kwenye buti. Mwaka 2019 reli ya Dar es Salaam hadi Moshi ilipofufuliwa baada ya miaka zaidi ya 20 ya kulala, ilifufuliwa Desemba, na si kwa bahati.

Tukifika huko, kwa kweli tunahesabiwa. Hesabu haifanyiki kwa daftari. Inafanyika kwa nyama. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mtu wake kwa jinsi anavyosimama katika ukoo, na mgawaji huita kwa sauti. Kisusio, mchuzi wa damu, kinanywewa kingali cha moto, mbege ya ndizi inapita kwenye kata, wazee wanauliza nani hajafika na kwa nini. Asiyefika kwa sababu ya uvivu husemwa mpaka jioni. Asiyefika kwa sababu yuko misheni ya kulinda amani hutengewa fungu lake, likafungwa kwenye jani la mgomba, likawekwa kando. Kwetu fungu la mdogo wangu huliwa na Mama siku ya pili yake, peke yake, na hakuna anayethubutu kuomba.

Lakini kuhesabiwa si kula tu. Barazani pale ndipo ukoo unapoambizana. Mfongo, mfereji wetu wa maji, umeziba juu kwa fulani na maji hayashuki. Jirani amesogeza masale ya mpaka. Kahawa imeliwa na wadudu. Binti wa fulani ana mimba na mwanamume amekana. Haya ndiyo mambo ya Krismasi kwetu, na mtu mzima wa kiume aliyefikisha umri wa kusikilizwa hutakiwa aseme neno juu ya kila moja. Mdogo wangu alikuwa na miaka 31. Mwaka uliotangulia ndiyo kwanza alikuwa ameombwa maoni kuhusu mfongo.

Sasa nirudi kwenye siku tatu zilizofuata shambulio lile la Desemba 2017. Habari zilitufikia Ijumaa tarehe 8, kwanza kwa simu za watu, kisha kwa redio za nje, kisha kwa kila njia. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Nakumbuka bendera barabarani na namna nilivyozichukia kwa saa chache. Nilipiga namba yake mara nyingi kiasi kwamba simu yangu ilipata moto. Nilipiga namba ya ofisi moja niliyopewa na rafiki. Sauti ya kijana ikaniambia kwa upole tusubiri taarifa. Taarifa gani, hakujua. Mimi niliijua ofisi hiyo kwa namba tu, na sina kisa na kijana yule, maana alikuwa ameambiwa aseme hivyo.

Jumapili usiku ujumbe ukaingia: “Dada mimi mzima. Usimwambie mama kama ulikuwa na wasiwasi.” Nilicheka nikilia. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu, ana rozari, hajalala tangu Ijumaa.

Wiki hiyo majeneza yalifika Dar es Salaam, yamefunikwa bendera, na taifa likaaga. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alilitaja shambulio lile kuwa baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani wake katika historia ya karibuni. Kijijini, kila aliyetupita njiani aliuliza habari za kijana, na sisi tukasema nzuri. Tulisema kwa unyenyekevu, kwa sababu zilikuwapo nyumba ambamo jibu hilo lilikuwa limekwisha kabisa.

Mazoea haya ya kusitiriana ni ya zamani. Babu yetu upande wa mama alikuwa askari wa keya, jeshi la mkoloni Mwingereza, akapelekwa Burma pamoja na ile divisheni ya Afrika Mashariki iliyovaa kichwa cha kifaru begani. Walipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, matope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba 1944 wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin, ambako wahandisi walitandaza daraja la chuma la futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya aina yake kwa wakati huo. Babu alikuwa hajui kuandika. Alimtamkia karani wa kombania, karani akaandika, ofisa akakagua, na bibi akasomewa na katekista. Barua moja ilibaki kwenye sanduku la bati hadi mchwa walipoimaliza. Mama anaikumbuka kwa moyo kwa sababu haikuwa na kitu: salamu nyingi, hali yangu ni njema, hofu ni juu yenu, nisalimie fulani na fulani, ukurasa mzima wa majina. Babu aliporudi ndipo walipojua kwamba alikuwa amelazwa miezi miwili na homa. Naye aliporudi ndipo alipojua kwamba mtoto wake wa kwanza hakuwapo tena. Bibi alikuwa ameagiza aandikiwe kwamba watoto hawajambo.

Sisi tuliokua kabla ya simu za mkononi tulifundishwa barua za namna hiyo shuleni. Hali yangu mimi ni njema, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ukitoa mapambo, kinachobaki ni watu wawili wanaoulizana jambo moja na hakuna anayejibu. Angalau barua ilikuwa na kisingizio. Ilichukua wiki sita, habari ingefika imeoza. Simu ya picha haina kisingizio hicho, na tumeitumia kuficha mguu.

Kuna jambo mdogo wangu alinisimulia baadaye kuhusu Beni ambalo limenifanya niandike makala haya. Kikosi alichokwenda nacho kilikuwa sehemu ya ile brigedi ya kujibu mashambulizi iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa mwanzoni na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwaka ule ule waasi wa M23 wakasambaratika, walau kwa wakati ule. Wakabaki wengine msituni, na tangu Oktoba 2014 vijiji vya kuzunguka Beni vikawa vinavamiwa usiku, watu wakiuawa kwa mapanga.

Kwa lugha, mdogo wangu alisema, hakuhisi yuko ng’ambo. Watu wa kule wana Kiswahili chao. Krismasi kwao ni Noeli kama kwa wazee wetu wa Kikatoliki, Mwaka Mpya ni Bonane, ugali ni bugali, kisamvu ni sombe, mchicha ni lengalenga. Pombe ya ndizi wanaiita kasiksi, na harufu yake ikipita kwenye kizuizi cha barabarani asubuhi, kijana wa Kibosho aliyevaa helmeti ya bluu anageuza uso. Hata mlima wa theluji wanao. Mawingu yakifunguka upande wa mashariki, Ruwenzori inasimama na weupe wake, mita 5,109, na siku ya kwanza alipouona alisahau kwa sekunde chache kwamba alikuwa lindoni.

Sasa, alikuwa akimsalimia kila siku mama mmoja aliyeuza ndizi karibu na kizuizi chao. “Jambo mama, habari?” Mama yule alijibu, “Muzuri, lakini usiku hatukulala.” Siku nyingine: muzuri, lakini mashamba hatuendi tena. Muzuri, lakini shemeji yangu hajaonekana. Mwanamke asiyemjua kwa jina, raia wa nchi nyingine, alimpa “lakini” yake kila asubuhi kwa muda wa mwaka mzima. “Dada,” akaniambia, “kule nilikuwa mtu. Nikipiga simu nyumbani nilikuwa mgeni rasmi.”

Niseme kidogo kuhusu dola, kwa sababu ukimtaja mtu wa misheni mbele ya watu kumi, tisa wataanza na dola. Umoja wa Mataifa hulipa serikali zinazotoa askari. Kiwango kilichopitishwa kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi, na serikali ndiyo inayompa askari kwa utaratibu wake. Jirani hajui utaratibu. Anajua kwamba mtoto wa fulani yuko misheni, kwa hiyo Desemba anapita kusalimia na bahasha ya mchango wa kipaimara. Mdogo wangu alituma fedha ya mbuzi mwaka ule, na ya shule, na ya paa la shangazi. Hatukumtumia habari hata moja ambayo isingehitaji fedha. Nadhani hilo nalo lilikuwa sehemu ya kumfanya mgeni. Mgeni rasmi ndiye anayechangishwa kisha akapelekwa mezani bila kuonyeshwa jikoni.

Alirudi Agosti 2018. Hakusema siku. Alishuka barabarani na begi lake, akakata njia ya kihamba, na Baba, aliyekuwa ameketi nje akichambua maharage, akasikia hatua anazozijua. Akachukua magongo, akasimama. Nilikuwapo. Mdogo wangu aliweka begi chini taratibu sana, kama kitu kinachoweza kupasuka. Akaamkia. Akaitazama suruali ya Baba iliyokunjwa na kubanwa na pini, kisha akamtazama Mama, kisha akaingia ndani kubadilisha nguo. Chakula kililiwa. Hakuna aliyesema.

Usiku, tukiwa tumebaki watu wanne na jiko la mkaa, akauliza, “Mama, mimi ni mgeni hapa?”

“Mgeni vipi tena, baba?”

“Anayefichiwa ni mgeni. Mwenye nyumba huambiwa paa linavuja.”

Mama hakupepesa. “Na wewe ulituambia?”

Alinyamaza. Akaliendea begi, akatoa chaja ya simu, nyeusi, waya wake umefungwa plasta ya hospitali pale ulipochubuka. Akaiweka mezani. Ilikuwa ya mwenzake. Aliiazima mwishoni mwa Novemba, mwenzake akahamia Semuliki kabla hajairudisha. Simu aliyotupigia siku ya Krismasi ilikuwa imechajiwa na chaja ile. Mengine aliyotueleza usiku ule si yangu kuyaandika. Nitasema tu kwamba tulilala saa tisa, na kwamba Baba, ambaye tangu akatwe mguu hakuwa amelitamka neno “mguu”, alieleza kuanzia kidonda cha kwanza kidoleni mpaka siku ya kutoa nyuzi, na mwanawe akamuuliza maswali ya kitaalamu kuhusu kufunga bandeji, maana jeshini wanafundishwa.

Baba yangu mdogo haniungi mkono hata kidogo, na sitaki kumpuuza. Yeye alikuwa vitani Uganda. Aliingia na wenzake mwaka 1979, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na wakati sisi tukidhani vita imekwisha na watu watarudi, yeye alikula Krismasi mbili kule, ya 1979 na ya 1980. Anasema askari akiwa lindo akili yake ni mali ya wenzake. Ukimtumia habari ya mtoto mgonjwa umemwibia mtu mmoja kwenye handaki. Alimwona mwenzake aliyepata barua ya namna hiyo. Usiku uliofuata alipitiwa na doria ya wenzake wenyewe bila kuuliza neno la siri, amesimama macho wazi. “Wangekuwa adui,” anasema, na hamalizii.

Namwelewa. Naweza hata kukubali kwamba Desemba ile, kijana ametoka kubeba wenzake, habari ya mguu ilistahili kungoja wiki moja au mbili. Lakini hatukungoja wiki mbili. Tulingoja miezi tisa. Na tulichomficha hakikuwa mguu peke yake. Tulimficha mfongo. Tulimficha masale ya jirani, na kwamba mbuzi jike amezaa mapacha mmoja akafa, na kwamba shangazi na Mama hawasemezani kwa ajili ya sufuria. Tulipoanza kuchuja hatukujua pa kuishia, tukachuja mpaka kukabaki hewa. Ukimficha mtu kubwa unalazimika kumficha na dogo, kwa sababu dogo lina mlango wa kuingilia kubwa. Mama hakuweza kutaja shamba bila kutaja nani analima sasa.

Tena yule askari wa Baba mdogo alipata barua moja baada ya ukimya wa miezi. Sijui kama ingemwangusha vile angekuwa amezoea kuambiwa.

Na hapa nina neno kwa wakubwa pia, kwa kuwa taifa letu linaongea na wananchi wake kuhusu askari walioko nje kama Mama alivyoshika simu. Kuanzia kifuani kwenda juu. Tunaona bendera ikikabidhiwa kwa kamanda wa kikosi kinachoondoka, tunaona nishani, tunaambiwa hali ni shwari na vijana wanafanya kazi nzuri. Wengi wetu tulijua kwamba tuna askari Darfur Julai 2013, kwa sababu 7 waliuawa siku moja. Wengi tulijifunza kulitaja jina la Semuliki kwa majeneza. Wakenya nao wana El Adde yao, kambi yao ya Somalia iliyovamiwa Januari 2016, na maswali yao. Siombi siri za kijeshi. Hakuna mama wa askari anayetaka kujua kombania iko kilima gani. Naomba tuambiwe wako wapi, wamekwenda kufanya nini, wanaishi vipi, na kukitokea baya familia zijue kabla ya simu za watu. Kila Desemba redio zetu husoma salamu za sikukuu za wauza vinywaji na wauza saruji mpaka masikio yanaota kutu. Enzi za Redio Tanzania wagonjwa walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole, mtu alilala hospitalini akasikia jina lake. Kikosi kilicho Lebanon au Afrika ya Kati kinastahili nusu saa ya namna hiyo siku ya Noeli, mke asome mwenyewe, kwa sauti yake, na asikatazwe kusema kwamba bomba limepasuka.

Najua wako wengine wengi walio mbali siku hiyo, na baadhi yao nawafahamu: mabinti wa kazi za ndani Muscat ambako tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine, masista waliotumwa nchi za baridi, manesi wa zamu. Nao hujibiwa nzuri. Askari nimemchagua kwa sababu ni ndugu yangu, na kwa sababu yeye hata akitaka kueleza yake, kuna mengi anakatazwa. Hiyo ni sababu zaidi ya sisi kumweleza yetu.

Mwaka 2022 alikuwa nje tena, safari hii Jamhuri ya Afrika ya Kati, upande wa Berberati, wako nyuma yetu kwa saa mbili na hakuna anayejibu salamu kwa Kiswahili. Krismasi ilikuwa Jumapili. Simu ikaita wakati kisusio kinapakuliwa. Safari hii Mama aliiegemeza kwenye jagi la mbege, mbele ya wote, Baba akiwa kwenye kiti chake na magongo yake yameegemea palepale yanapokaa siku zote.

“Habari za nyumbani?”

“Nzuri,” Mama akasema. “Ila mfongo umeziba tena, na safari hii ni sisi tulioziba, kaka yako kamwaga kifusi. Ila shangazi yako yuko hapa lakini hajanisemesha. Ila yule mbuzi uliyemnunulia Baba, mwembamba, tumeibiwa, hana mafuta.”

“Mama, nilisema achaguliwe na Baba.”

“Alichaguliwa na Baba.”

Baba akatazama pembeni. Watu wakaangua kicheko, na kule kioo kikatikisika kwa sababu na yeye alikuwa akicheka. Ilichukua dakika 40. Kwenye mfongo alitaka aonyeshwe, mtoto akatumwa na simu mpaka kwenye kifusi, akarudi viatu vimejaa tope. Alitoa amri tatu, mbili zikakubaliwa.

“Na wewe je, baba?” Mama akauliza. “Huko?”

“Huku nzuri.” Akanyamaza. Tukasikia jenereta lao, na mtu akiita jina. “Ila vidole vya miguu vimeniharibika, Mama. Joto, na buti tangu alfajiri. Daktari wa kikosi kanipa dawa, nikipaka panawasha zaidi.”

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwona Mama na furaha ya namna ile. Alivuta kigoda, akaketi karibu na jagi, akafunga kanga vizuri kama mtu anayeanza kazi. Vingapi? Katikati ya vidole au juu? Panatoa maji? Alale bila soksi, aanike buti juani zimefunuliwa ulimi, aache hiyo dawa siku mbili aone. Akamgeukia shangazi, ambaye hakuwa amemsemesha tangu Novemba, akamuuliza ile mizizi aliyotumia mumewe aliipata wapi. Shangazi akajibu. Wakaanza kubishana kama ni mizizi au magome.

“Muulize kama anakausha kabla ya kupaka,” Baba akasema.

“Anakuuliza kama unakausha.”

“Nakausha, Baba.”

“Kwa taulo gani? La usoni?”